Upande wa Pili wa Mashine ya Sufiani

Mlingotini,
Jumatano, 2 Agosti 2023

Kwa mdogo wangu Najim,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nakujua, hapo ulipo umeshaanza kutafuta maneno.

Mimi mzima, kwa uzima wa kizuka, mjane aliye edani. Nakula nikiambiwa kula, nalala nikiambiwa kulala, na nyeupe nimevaa mpaka naonekana kama shuka iliyoanikwa. Mwani wangu anauangalia Swaumu, jirani yangu, Mungu amlipe. Kamba tatu zimeharibika, zilizobaki zimeshika vizuri. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja kafa.

Hukuja kumzika shemeji yako Sufiani. Umesema chuoni wamekunyima ruhusa. Haya, wamekunyima.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Simu yangu anaishika Adila, mke wa shemeji Bwanausi. Kaka mtu na mkewe wamehamia humu tangu siku tuliyomzika mume wangu, wanasema wananilinda eda. Kila anayepiga, Adila anaweka sauti kubwa na Bwanausi anakaa pale kwenye kiti cha marehemu anasikiliza. Barua hii Swaumu anaitoa chini ya gunia la mwani hadi Bagamoyo, anampa wakala wa basi. Ukijibu, andika jina la Swaumu juu ya bahasha, lisiwe langu.

Sasa neno lenyewe. Ile kompyuta uliyomtengenezea Sufiani, yenye pande mbili. Unakumbuka ilikuwa ikiwaka inatoa ukurasa mweusi wenye majina mawili, naye anashuka kwa kidole hadi la pili, anaingia. Huko ndiko alikoweka kazi yake yote ya ukatibu wa kitongoji: mashamba thelathini na saba, kila mwenye shamba kapigwa picha amesimama kwenye kona ya mpaka wake na jirani yake kando, na vipimo. La baba yetu nalo limo. Siku ya pili ya matanga Bwanausi akaiomba, ati atafute picha ya marehemu ya kuweka kwenye dua. Kakaa nayo siku nne. Imerudi haina ukurasa mweusi. Ukiwasha inaingia moja kwa moja Windows, na huko ndani peupe, hata picha ya harusi yetu hakuna.

Baraza la ardhi limepanga Jumanne ya tarehe 28 Novemba kusikiliza kesi ya mashamba na yule mwekezaji anayeyataka. Mwenyekiti alikwisha kumwambia Sufiani uso kwa uso kwamba karatasi kila mtu anachapa na flashi kila mtu anajaza. Anataka mashine yenyewe iwashwe mbele yake, aone picha zilivyokaa na tarehe zake. Isipowaka upande wa pili, watu thelathini na saba hawana mashamba. Bwanausi ndiye anayemtembeza mwekezaji huyo, hilo unalijua.

Niambie kitu kimoja: picha zimefutwa, au umeondolewa mlango wa kuingilia tu?

Na jingine. Bwanausi hata kuchaji simu hajui, anaomba msaada. Nani kamfundisha jambo hili?

Dada yako,
Hajra


Mpanda,
23 Agosti 2023

Dada Hajra,

Shikamoo sana. Barua imechukua siku ishirini njiani, nimeipata jana na nimeisoma mara tatu. Pole tena, na tena. Nawal anakuamkia, na mtoto ameota meno mawili ya chini, anamng'ata kila mtu. Huku vumbi. Chuoni nina kompyuta arobaini na moja na zinazofanya kazi ni ishirini, nashinda nazifungua na kuzifunga. Mwani na harufu ya pwani naviota usingizini, wallahi.

Kuhusu mashine. Inapowaka, kuna kiprogramu kidogo kinachoamka kabla ya vyote na kuuliza uingie upande gani. Sisi mafundi tunakiita grabu. Hicho ndicho kilichokuwa kinakuonyesha ule ukurasa mweusi. Mtu akiingiza Windows upya, Windows haina adabu ya kuuliza. Inakaa pale mbele peke yake na grabu inaondoka. Lakini chumba cha pili mara nyingi huwa kipo, hakijaguswa. Kwa hiyo huenda ni mlango tu, dada. Sikuahidi, nasema huenda.

Fanya hivi. Washa, bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows, chagua maneno Disk Management. Utaona mstari uliokatwa vipande. Niandikie kila kipande kina ukubwa gani na kipi hakina jina. Halafu nisikilize vizuri: mashine ikikuuliza kama unataka kufomati chochote, jibu hapana. Hata ikiuliza mara kumi. Ukikubali, hakuna fundi atakayekurudishia, si mimi wala aliye Dar.

Usimwambie mtu unachofanya.

Kazi njema na Mungu akupe subira.

Mdogo wako,
Najim


Mlingotini,
Jumatatu, 18 Septemba 2023

Najim,

Marahaba, na mbusu huyo mwenye meno. Mwezi wa mfunguo sita umeandama juzi jioni, Swaumu kaja kuniambia dirishani, basi sasa tunangoja maulidi, mwaka huu mimi nitayasikia kwa mbali. Mbuzi aliyebaki kashika miguu, anapanda mpaka kwenye kinu.

Nimefanya ulivyosema. Nilingoja alasiri, Bwanausi yuko Bagamoyo na Adila anasinzia. Kuna kipande kidogo hakina maana. Kuna kikubwa kimeandikwa C, mia mbili na arobaini. Na kuna kingine hakina jina kabisa, mia mbili na kumi na tano. Nilipokigusa tu kidubwana kikatokea, ati nikifomati? Na hapo hapo Adila akaingia na uji. Nikasema hapana kwa kidole huku nikimwambia ahsante kwa mdomo. Kaniangalia, kaangalia mashine, kaweka uji, katoka. Mimi hajaniambia kitu mpaka leo, na hilo linanitisha kuliko angesema.

Jioni Bwanausi akaja nyuma ya pazia. Chumbani kwangu hawezi kuingia, mimi kizuka na yeye si maharimu wangu, ni mtu anayeweza kunioa, ndiyo salama yangu pekee. Akasema, "Shemeji, nasikia unachapa chapa." Nikasema nasikiliza Kurani. Akasema, "Ile mashine ni mali ya mirathi. Siku ukitoka eda nitaichukua, kuna mtaalamu Dar ataisafisha." Kisha akataja siku: kaizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, Alhamisi tarehe 30 Novemba, miezi minne na siku kumi tangu tarehe 20 Julai. Na watu wa kitongoji kawaambia kabisa kwamba siku ya baraza nitakuwa bado ndani, hivyo wasinihesabu. Nikamwambia haya, shemeji.

Kuna jambo nimekuwa silisemi. Pikipiki ya Sufiani imerudishwa, iko uani chini ya turubai. Walituambia aliteleza kwenye mchanga barabara ya Makurunge, alikuwa peke yake. Swaumu kaifunua kunionyesha dirishani. Taa ya mbele nzima. Usukani mzima. Taa ya nyuma ndiyo hakuna, na chuma cha kubebea mizigo kimeingia ndani. Tangu lini mtu akateleza kwa nyuma, Najim? Na simu yake haijaonekana. Bwanausi anasema siku hiyo alikuwa Vigwaza toka asubuhi.

Swali langu la mara ya kwanza hukulijibu. Naliuliza tena. Nani kamfundisha Bwanausi?

Hajra


Mpanda,
6 Oktoba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mitihani na mimi ndiye wa kuangalia kila kitu. Mtoto alishikwa na homa, sasa hajambo. Nakutumia kopo la asali ya huku. Ile ni asali kweli, ipakue ule, na ukifika chini utakuta kitu kimefungwa nailoni tatu. Ni flashi. Osha mikono ndiyo uishike.

Kuhusu pikipiki, dada, usilizungumze hilo na mtu. Usiliandike tena hata kwangu. Ya Mungu mengi.

Kipande kile cha mia mbili na kumi na tano ndicho. Kipo. Alhamdulillahi.

Zima mashine. Chomeka flashi. Washa, na papo hapo piga piga kitufe cha F12 mpaka itoe orodha, chagua jina la flashi. Itakuletea Linux ya kuazima, inakaa kwenye flashi, haigusi kitu ndani. Fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia, andika mstari huu kama ulivyo, na nafasi zake:

sudo fdisk -l

Utaona vipande vyote. Chetu ni sda5. Kisha andika:

sudo e2fsck -f /dev/sda5

Huo unakikagua chumba kama kuta zimesimama. Ukiisha, zima, chomoa flashi, washa. Orodha itarudi.

Ombi langu moja. Kwenye hiyo Linux ya kuazima utaona picha za diski upande wa kushoto. Usizibofye. Usifungue folda yoyote ya Sufiani. Fanya nilichoandika tu, basi. Unaweza ukaharibu.

Nawal anakusalimu.

Najim


Mlingotini,
Jumanne, 24 Oktoba 2023

Najim,

Marahaba. Huku mvua imeanza vibaya, si ya vuli tuliyoizoea. Kisima cha kwa Swaumu kimejaa maji ya matope, na njia ya kwenda barabarani inapitika kwa kuvua viatu. Asali nimekula. Flashi bado inanata, kila nikiichomeka nanusa Mpanda.

Nimefuata maneno yako, ile mistari kama hirizi. Mara ya kwanza umeme ukakatika nikaanza upya. Mara ya pili ikakagua, ikahesabu, ikasema safi. Nikazima, nikachomoa, nikawasha. Imeingia Windows moja kwa moja, kama hakuna lililofanyika. Nimerudia siku tatu, kila Bwanausi akitoka. Hakuna orodha.

Nimekaa nikafikiri. Wewe ni fundi, mdogo wangu. Kompyuta arobaini na moja unazifungua na kuzifunga. Mimi ni mkulima wa mwani, lakini mistari naisoma. Wa kwanza unatazama. Wa pili unakagua. Hakuna hata mmoja unaorudisha kitu. Umenipikia wali ukasahau mchele, kisha ukaniambia nile.

Nikabofya ile picha ya kushoto. Ndiyo, nimebofya, na dunia haikuanguka. Chumba kimefunguka, na mafolda ya Sufiani yamekaa kwa mpangilio wake ule ule wa kuudhi, kila kitu na tarehe. Nimeliona shamba la baba. Nimejiona mimi mwenyewe nimesimama kwenye kona ya mnazi uliokatika, nacheka. Picha mia nne na kumi na mbili. Nimezitazama zote, moja moja, kwa siku mbili, na nililia sana, si kwa huzuni peke yake.

Nililoliona jingine sikuambii. Nakuuliza tu: mwezi wa tano mwaka huu ulikuwa wapi?

Jana Adila kaniletea chakula, akachuchumaa pale mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Dada Hajra, mpe tu hiyo mashine. Nakuomba kwa jina la Mungu. Humjui." Nikamuuliza nisimjue kwa lipi. Akainuka akaenda zake. Huyo ni mkewe, kaishi naye miaka kumi na sita.

Zimebaki wiki tano. Niletee mstari uliokosekana.

Hajra


Mpanda,
8 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Mvua huku pia. Leo sina habari za mtoto wala za kazi, ukinisamehe.

Mstari uliokosekana niliuacha kwa makusudi.

Mwezi wa tano nilikuwa Dar, siku mbili. Nilikuja sikukwambia. Bwanausi alinipigia akasema tukutane Kariakoo, akaja na muhtasari wa mkutano wa kitongoji, watu wamekubali kutoa mashamba, sahihi zimejaa, na nafasi ya shamba la marehemu baba iko wazi. Akasema wewe umeridhika, unaona haya tu kuniambia. Akasema kampuni ikija itataka mtu wa kompyuta, na mtu huyo nitakuwa mimi, nitarudi pwani. Miaka sita nakula vumbi, dada. Nikatia sahihi kwa niaba ya warithi. Yaani kwa niaba yako. Mkutano wenyewe haukuwahi kukaa, nilikuja kujua baadaye, Sufiani ndiye aliyenipigia. Alikuwa ameipiga picha ile karatasi. Hakunitukana. Alisema, "Shemeji, njoo useme mwenyewe kabla sijasema mimi." Nikamwambia nitakuja. Hiyo ilikuwa tarehe 16 Julai. Tarehe 20 amekufa.

Ndiyo maana sikuja kuzika. Ruhusa nilipewa, dada. Nilifika mpaka stendi nikarudi.

Na aliyemfundisha Bwanausi ni mimi. Siku ya pili ya matanga alinipigia, akasema mashine ina picha itakayotuaibisha wote, mimi kwanza, nimwelekeze aifute. Sikuthubutu kumwambia afute. Nikamwambia aingize Windows upya, achague kipande cha kwanza tu, basi itaonekana imeisha. Yeye anaamini imeisha. Nilijidanganya kwamba nimekiokoa chumba kile. Ukweli ni kwamba nilikuwa najificha ndani yake.

Mistari yenyewe hii hapa. Kwa ile flashi, kama mwanzo:

sudo mount /dev/sda5 /mnt

sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda

Ikisema imemaliza bila kosa, zima, chomoa, washa. Ukurasa mweusi utarudi. Ingia upande wa pili, neno la siri ni jina la marehemu mama yake Sufiani, kisha andika sudo update-grub ili majina yote mawili yakae sawa. Hapa sijaacha kitu. Naapa kwa kaburi la baba.

Nakuomba kimoja, na haya sina tena. Picha ya ile karatasi ni moja kati ya mia nne na kumi na mbili. Ifute hiyo moja. Mashamba yatapona bila hiyo, mipaka inajisema yenyewe. Chuoni wakisikia nimeghushi, nimekwisha, na nina mtoto.

Halafu jingine, la haraka. Juzi Bwanausi alinipigia tena. Aliniuliza unatoka eda lini hasa. Nikamhesabia kwa kalenda, nikasema tarehe 30, akasema sawa, na yeye ndivyo alivyoandika. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, dada. Akasema, "Siku hiyo nitakuwepo mwenyewe, nitampeleka mahali akapumzike." Usikae peke yako siku hiyo. Mwite Swaumu, mwite mtu yeyote.

Nisamehe au usinisamehe, lakini usikae peke yako.

Najim


Mlingotini,
Jumamosi, 25 Novemba 2023

Najim,

Barua yako imefika jana, imelowa, wino umetoka mpaka nyuma ya karatasi. Barabara ilikatika siku nne. Ningesema marahaba, lakini leo sijisikii kuitikia heshima yako.

Nimekasirika kiasi kwamba nilipomaliza kusoma nilikuwa nimesimama na sikumbuki kuinuka. Nimekulea mimi. Mama alipokufa ulikuwa una miaka mitano, nimekubeba mgongoni nikienda kufunga kamba za mwani, maji yananifika kiunoni. Shamba lile ulikuwa unalilia kila mwaka msimu wa korosho. Umelitia sahihi Kariakoo, umesimama, hata chai hukukaa ukanywa ukafikiri. Na mume wangu alikupa siku nne. Hizo siku nne najua nani alizitumia. Wewe ulimwambia Bwanausi kwamba Sufiani ameiona karatasi, siyo? Katika barua yako ndefu hilo pekee hukuliandika. Usiniandikie. Nimeshajua.

Sasa kazi. Mistari yako ni ya kweli safari hii. Niliifanya jana hiyo hiyo, Ijumaa, wanaume wako msikitini. Ikasema imemaliza, hakuna kosa. Nikazima, nikawasha, na ukurasa mweusi ukanitokea na majina yake mawili. Nilikaa nikautazama mpaka ukaingia wenyewe. Nimewasha na kuzima mara saba. Mara zote saba umekuja.

Sikiliza na hili, maana wewe na Bwanausi mmesoma sana. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya dukani, huhesabiwa kwa mwezi unavyoandama. Sufiani alikufa Alhamisi, tarehe mosi ya mfunguo nne, mwezi ulikuwa umeandama usiku wa kuamkia siku hiyo. Mwezi wa mfunguo nane umeandama Jumanne tarehe 14, Swaumu kauona kati ya mawingu na mke wa imamu pia kauona. Miezi minne imetimia hapo. Siku kumi juu yake zimeisha jana magharibi. Nimekwisha kuoga, nimekwisha kutoka, kwa sheria ya Mungu mimi si kizuka tena. Anayejua ni mimi, Swaumu na mke wa imamu. Nguo nyeupe sijazivua. Naendelea kukaa nyuma ya pazia, naitikia haya shemeji, na yeye anangoja Alhamisi yake yenye duara jekundu. Jumanne alfajiri, akiwa anaswali, mashine itakuwa ndani ya gunia la mwani na mimi kando yake, tunakwenda barazani.

Picha yako sijaifuta. Mia nne na kumi na mbili ziko vilevile. Mwenyekiti akiuliza hii sahihi ya nani, nitamwambia ni ya ndugu yangu wa tumbo moja, na sauti yangu haitatetemeka.

Lakini sikukutakia mabaya, wewe ndiye uliyebaki kwetu. Ndiyo maana nakurudishia kopo la asali. Chini yake flashi yako, nimenakili kila kitu humo. Itazame picha ya mwisho. Siku aliyokufa, Sufiani alirudi adhuhuri akala, akamwaga picha zake kwenye mashine, akatoka tena, hakurudi. Ya mwisho kaipiga asubuhi saa nne kasoro, barabara ya Makurunge. Pikapu nyeupe imesimama nyuma yake, nambari zinasomeka, mlango wa dereva wazi. Anayeshuka ni mtu asemaye alikuwa Vigwaza siku hiyo toka asubuhi.

Umpelekee nani picha hiyo, utaamua wewe. Mimi safari hii sikuandikii mistari.

Dada yako,
Hajra


Mpanda,
Jumatatu, 4 Desemba 2023

Dada Hajra,

Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo, nakusalimia mara tatu kwa kuwa moja hukuiitikia.

Kopo limefika leo asubuhi. Basi lilikwama Tabora siku tano kwa mafuriko. Ndiyo, nilimwambia Bwanausi. Tarehe 16 usiku ule ule, niliogopa, nikamwambia Sufiani anayo karatasi. Nilidhani atakwenda kuongea naye.

Nimempigia Mzee Shuaibu, yule wa shamba la kona. Alikuwa na furaha mpaka sauti inakatika. Ameniambia Jumanne baraza lilikaa kwenye mvua, ukaingia umevaa nyeupe, watu wakasimama. Mashine ikawashwa mbele ya mwenyekiti, ukurasa mweusi ukaja, majina mawili, ukashuka kwa kidole kama marehemu. Thelathini na saba zote zilionekana. Mashamba yamezuiwa kuguswa, na mashine wameibakisha pale kwa ushahidi. Anasema wanawake walipiga vigelegele, na uliposomewa jina langu ulisema uliyosema, na sauti haikutetemeka.

Nikamuuliza, yuko wapi sasa? Akasema, "Si alirudi nyumbani? Mvua ilikuwa kubwa, tukatawanyika. Shemeji yake alimjia na gari, akamfungulia mlango kwa heshima kabisa, akamwambia yameisha, twende nyumbani." Nikamuuliza gari gani. Akasema pikapu. Nyeupe.

Nimepiga simu yako. Amepokea Adila. Safari hii hakuweka sauti kubwa. Nikasema naomba kuongea na dada yangu. Akasema, kama mtu anayesoma kitu alichoandikiwa, "Hajra yumo ndani. Anakaa eda. Haongei na simu."

Dada, leo ni tarehe 4 Desemba. Kwa mwezi imekwisha, na kwa kalenda imekwisha.

Nimempigia Swaumu mara kumi na moja. Haipokelewi.

Basi linaondoka saa tisa. Nawal amenifungia nguo, anadhani nakwenda kukutazama tu. Nitashuka Bagamoyo na nitapita kituo cha polisi kabla ya kufika nyumbani, na nitaanza na jina langu mimi, maana wasipoanza na hilo hawataniamini mengine. Barua hii sijui naiandika kwa nini, kwa kuwa hakuna wa kunipokelea. Nitaibeba mwenyewe. Nitakupa mkononi, inshallah, na wewe utaniitikia au utanitukana, chochote, dada, mradi nisikie.

Flashi iko mfukoni, bado inanata. Nimeichomeka kabla ya kutoka chuoni, mlango nimeufunga kwa ndani, na ile picha ya sahihi yangu niliiweka mbele nikaitazama, na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu zote. Sijafuta hata moja.

Mdogo wako,
Najim